Fundo la Arobaini na Moja

Ofisini Area D, feni inakoroga vumbi la Septemba.
Nimefungua faili la Handali: kaya sitini na mbili,
kila kaya duara, kila mbegu iliyotolewa mshale
kutoka kwa mpaji kwenda kwa mpokeaji.
Programu inaliita duara hilo nodi.
Mimi, mtoto wa mshona magunia wa Kibaigwa,
naliita fundo.

Mwanzo yalirundikana yote katikati
kama mbuzi zizi likichelewa kufunguliwa.
Nikabonyeza *Panga*.
Yakaanza kusukumana na kuvutana,
wasiopeana kitu wakatupwa pembezoni,
waliopeana wakasogeana goti kwa goti,
hadi kioo kikatulia,
na kijiji nilichokizunguka siku tisa kwa pikipiki ya kukodi
kikakaa mbele yangu, upana wa sahani.

Kisha kazi ya mkono, ninayoipenda.
Yona Ndahani kajiandikisha mara mbili,
mara kwa jina la ubatizo, mara kwa jina la babu:
nikayaburuta mafundo yake, nikayafanya moja.
Mtama nikaupa rangi ya kutu, uwele rangi ya majivu.
Mishale iliyopandana nikaipinda kidogo ipishane.
Na wale ndugu wawili, Masinga na Chibago,
wasiosalimiana tangu kesi ya mpaka wa shamba,
nikaona wanapanda mbegu moja,
kila mmoja kwa siri yake,
toka kwa fundo la arobaini na moja.

Perusi Chilewa. Mjane. Ekari mbili na nusu.
Mishale kumi na tisa inatoka.
Unaoingia ni mmoja: mama yake, marehemu, mwaka wa njaa.
Nilipomuuliza alitoa kilo ngapi, alinitazama
kama nimemuuliza uzito wa salamu.
"Mbegu haipimwi, mwanangu. Inafumbatwa."
Nikaandika kwenye safu ya kipimo: kiganja.

Leo mtendaji wa kijiji kapiga simu. Jumanne. Wameshazika.
Dokta Kisanga, kutoka chumba cha pili, bila ubaya:
"Takwimu zetu ni za walio hai. Mwondoe."
Nikambofya. Na programu, isiyowahi kuketi matangani, ikauliza:

*Kufuta nodi hii kutafuta na mistari yake 20. Endelea?*

Kutafuta. Nikalisoma tena.
Aliyelitafsiri, popote alipo, hakujua
amefunga maneno mawili kwenye pindo moja.

Nikabonyeza *Ndiyo*, nione.
Mistari ikakatika bila sauti.
Kaya kumi na tisa zikapeperuka kama makapi ya ungo,
Masinga huku, Chibago kule,
katikati ya Handali kukabaki weupe.

*Tendua.*
Wakarudi wote, na yeye kati yao,
kana kwamba alikwenda kisimani tu.
Mara tatu nikafuta, mara tatu nikatendua,
kisha nikaona haya.

Nimelifanya fundo lake jeupe juu ya ukurasa mweupe,
jina nimelizima. Mistari nimeiacha.
Dokta akaja na kikombe chake cha chai, akainama:
"Mbona hapa inakutana patupu?"
Nikasema, ndivyo ilivyo.
Akatazama kwa muda. Hakusema rekebisha.

Kuna mshale mmoja sikuuchora; mtafiti hachorwi.
Siku ile, nikiwa nimeshavaa kofia ya pikipiki,
alifungua pindo la kanga kwa meno,
akanimwagia uwele kiganjani:
"Na wewe ukapande huko mjini."
Umo kwenye droo ya pili, chini ya chaja,
ndani ya leso, nimeufunga fundo.
Nyumba ninayopanga Ilazo ina hatua sita za udongo nyuma ya choo.
Mvua, ikija, ni Desemba.